Rolex yenye khanjari: mwongozo kamili wa kuikagua kabla ya kutoa pesa

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu anatumiwa picha ya saa ya zamani ya Rolex, usoni mwake imechapishwa khanjari ya Oman, jambia lililo katika nembo ya nchi hiyo, na macho yake hayabanduki tena kwenye ile khanjari. Haulizi namba, hatazami mishale, hajali ndani mna mashine gani. Anamwuliza muuzaji jambo moja tu: khanjari hii ni ya kweli? Muuzaji anajibu ndiyo, na biashara imekwisha.

Mwongozo huu unakwenda kinyume chake. Khanjari tutaitazama karibu na mwisho, baada ya kila kitu kingine kujieleza. Sababu ni kwamba saa feki tupu hujulikana mapema, hata kwa mtu asiye fundi. Inayowaliza watu ni Rolex halali kabisa ya miaka ya 1970, ambayo khanjari yake ilipigwa miaka mingi baadaye na mtu aliyejua bei itapanda mara ngapi.

Saa ninazozizungumzia ni zile zilizoagizwa kwa ajili ya Sultan Qaboos bin Said, aliyetawala Oman tangu Julai 1970 hadi alipofariki Januari 2020, nyingi zikipitia duka la Asprey la London. Zilitolewa zawadi kwa maafisa, wanadiplomasia, watumishi na wanajeshi wa Uingereza waliopigana Dhofar, kusini mwa Oman. Ni saa ambazo huwezi kuingia dukani ukazichagua kabatini, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya mvuto wake kwa wakusanyaji. Sehemu iliyobaki ni kwamba kila moja iliwahi kukabidhiwa mtu fulani kwa sababu fulani, na sababu hiyo mara nyingine bado inaweza kufuatiliwa.

Nitatumia mifano miwili: Sea-Dweller modeli 1665, saa ya wapiga mbizi, na Daytona modeli 6263, saa yenye vitufe vya kupimia muda. Hatua ni zile zile kwa modeli nyingine. Vipimo ndivyo vinavyobadilika.

## Vitu vya kuandaa

- Lenzi ya fundi saa inayokuza mara 10. Kamera ya simu haitoshi, maana simu nyingi hulainisha picha na kuficha kingo za wino.
- Taa ndogo nyeupe, na taa ya zambarau ile inayotumika kukagua noti bandia.
- Kalipa ya kupimia milimita.
- Kifaa chenye ncha ya uma cha kutolea pini za mkanda, na utepe wa plastiki wa kukinga kasha lisichubuke.
- Fundi saa mwenye ufunguo maalumu wa kufungulia mfuniko wa Rolex, na mashine ya kupima mapigo. Mlipe wewe. Fundi anayelipwa na muuzaji ni shahidi wa muuzaji.
- Picha za saa za modeli hiyo hiyo, zenye khanjari, zilizowahi kuuzwa katika minada ya Christie's, Phillips, Sotheby's au Antiquorum. Katalogi zao za nyuma husomwa mtandaoni bure.
- Daftari. Andika kila namba kwa mkono wako.

Pesa za kununulia usizibebe siku ya ukaguzi. Mtu mwenye pesa mfukoni huona anachotaka kukiona.

## Hatua ya 1: Dai safari ya saa kabla ya saa

Mwulize muuzaji: saa hii alipewa nani, alikuwa na kazi gani, ilikabidhiwa wapi, na tangu hapo imepita mikononi mwa nani? Andika majibu. Usimsaidie kwa kumpa mwaka wala cheo.

Unafanya hivi kwa sababu Rolex haitoi nakala ya kumbukumbu zake za saa za zamani kwa wanunuzi. Patek Philippe, kampuni nyingine ya saa ya Uswisi, hutoa dondoo inayosema saa ilitengenezwa lini na iliuzwa lini. Kwa Rolex huna pa kuuliza. Mzigo wote wa ushahidi unabaki kwenye saa yenyewe na kwenye karatasi za familia.

Ushahidi mzuri ni wa kawaida sana: picha ya zamani ya mwenyewe akiwa ameivaa, barua ya shukrani, risiti ya matengenezo yenye namba ya saa, hati ya utumishi inayoonyesha alikuwepo Muscat au Salalah miaka hiyo. Baada ya 1970 Waomani wengi wa Zanzibar na mwambao walirudi, wakaingia wizarani, polisi na jeshini, kwa hiyo si ajabu saa ya namna hii kuibukia katika nyumba inayozungumza Kiswahili. Lakini "babu alikuwa karibu na kasri" si ushahidi. Mababu waliokuwa karibu na kasri ni wengi kuliko saa.

Tahadhari: boksi jekundu na kadi ya dhamana havithibitishi chochote peke yake. Maboksi ya zamani huuzwa matupu, na kadi huandikwa upya.

Umefaulu ikiwa una maelezo ya kuanzia hadi mwisho ambayo angalau sehemu moja inashikwa na karatasi au picha.

## Hatua ya 2: Toa mkanda, soma namba

Zungushia utepe pembe nne zinazoshika mkanda, kisha toa pini taratibu. Upande wa saa kumi na mbili, katikati ya pembe, pamechongwa namba ya modeli. Upande wa saa sita pamechongwa namba ya mfululizo. (Ninasema saa kumi na mbili ya maandishi ya uso wa saa, si saa kumi na mbili yetu ya jioni.)

Kwanza, je, namba zinasomeka? Zikiwa zimesagwa zisionekane, simama hapo hapo. Jasho na chumvi hula chuma pale mkanda unapogusa, lakini hula kwa mabaka yasiyo sawa. Uso uliolala sawasawa bila hata alama ya tarakimu umefutwa na mtu.

Pili, tazama mchongo kwa lenzi huku ukizungusha taa. Mchongo wa kiwandani una mistari myembamba, yenye kuta safi zinazoshika mwanga unapoigeuza saa. Mchongo wa bandia mara nyingi huonekana kama vidoto vingi vilivyopangwa, au kama mfereji mkavu uliounguzwa na tindikali.

Tatu, linganisha na miaka inayodaiwa. Rolex ya miaka ya 1970 ina tarakimu saba bila herufi. Herufi mbele ya namba zilianza 1987, kwa R. Ukiambiwa saa ilitolewa zawadi 1975 na namba inaanza kwa herufi, hadithi na saa ni vitu viwili tofauti.

Umefaulu ikiwa namba mbili zinasomeka, modeli ni ile uliyoambiwa, na mwaka haupingani na maelezo ya Hatua ya 1.

## Hatua ya 3: Kasha, kioo na vipimo

Hapa pita haraka, ila usiparuke.

Kwenye 1665, nafasi kati ya pembe ni milimita 20. Ubavuni, upande wa saa tisa, lazima kuwe na vali ndogo ya duara ya kutolea gesi ya heli. Ndiyo inayoitofautisha na Submariner, saa nyingine ya Rolex ya wapiga mbizi. Kioo ni cha plastiki, kinene, na hakina lenzi ndogo juu ya tarehe. Ukiona lenzi, ama kioo kimebadilishwa ama unatazama saa nyingine. Kina kilichoandikwa usoni ni futi 2000, yaani mita 610.

Kwenye 6263, nafasi kati ya pembe ni milimita 19, na vitufe viwili vya ubavuni hufungwa kwa kuzungushwa kama parafujo. Pete inayozunguka kioo ni nyeusi yenye tarakimu nyeupe. Ikiwa pete ni ya chuma kitupu, hiyo hupaswa kuwa 6265.

Kisha tazama pembe. Kasha lisiloguswa lina kingo kali na pembe nene. Lililosuguliwa mara nyingi huwa na pembe nyembamba, laini, kama sabuni iliyotumika. Kusuguliwa si udanganyifu, lakini hupunguza bei, na wakusanyaji wa dhati hupenda kasha lenye mikwaruzo yake kuliko linalong'aa kama jipya. Muuzaji akijisifu kwamba "ameing'arisha vizuri", mwache aendelee kujisifu. Wewe punguza bei.

## Hatua ya 4: Uso, mishale na mwanga wa gizani

Hatua hii ndiyo inayotaka muda mwingi kuliko zote, na ndiyo watu wanaiharakisha.

Soma maandishi madogo kabisa chini ya uso, pembeni mwa alama ya saa sita. Rolex za miaka ya 1970 zinazong'aa gizani zilipakwa rangi yenye tritiamu, kitu chenye mionzi, na uso huwa na maandishi kama T SWISS T au SWISS T<25. Tritiamu iliachwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Uso wenye SWISS peke yake au SWISS MADE, juu ya Sea-Dweller inayosemwa ni ya 1976, maana yake uso ulibadilishwa wakati wa matengenezo. Sasa fikiri: ikiwa uso uliwekwa baada ya tritiamu kuachwa, khanjari ya 1976 iliyo juu yake ilitoka wapi?

Jaribio la giza ni rahisi. Ingia chumba chenye giza, mulika uso kwa taa ya noti kwa sekunde chache, zima. Nusu ya tritiamu hupotea kila baada ya miaka 12.3 hivi, kwa hiyo baada ya nusu karne kilichobaki ni kidogo mno. Rangi ya zamani itaonyesha mwanga hafifu kisha itazima upesi. Ikiendelea kuwaka kwa dakika kadhaa, imepakwa upya.

Linganisha nukta za usoni na mishale. Zilizeeka pamoja, kwa hiyo rangi zao, iwe ya krimu au ya manjano iliyoiva, zinapaswa kukaribiana. Mishale myeupe juu ya uso wa manjano imebadilishwa. Hilo peke yake halivunji saa, ila liandike.

Halafu kagua maandishi yote ya uso kwa lenzi, ukiiruka khanjari kwa makusudi. Taji, jina ROLEX, mistari ya chini: kingo ziwe kali, unene uwe sawa, wino uwe umeinuka kidogo juu ya rangi ya uso. Kariri sura ya wino huo. Utauhitaji katika Hatua ya 6.

Tahadhari: usikubali mtu apulize, afute wala aguse uso kwa kidole. Na kama ni saa ya zamani zaidi, ya kabla ya miaka ya 1960, huenda ilipakwa radiamu, ambayo nguvu za mionzi yake hazipungui haraka. Usifungue wala kukwangua chochote nyumbani.

## Hatua ya 5: Fungua mfuniko, mbele yako

Muuzaji anayekataa mfuniko ufunguliwe amekwisha kukujibu. Asante, kwaheri.

Fundi akishafungua, piga picha ndani ya mfuniko na mashine nzima kabla ya kitu chochote kuguswa. Ndani ya mfuniko utafute jina la Montres Rolex na Geneva. Kwenye 1665, mara nyingi ndani ya mfuniko pamechongwa tarakimu za mwisho za namba ya mfululizo, na zinapaswa kulingana na ulizosoma katikati ya pembe. Zikilingana, umepata moja ya dalili bora za saa ambayo haijaunganishwa kutoka vipande vya saa mbili. Baadhi ya saa za khanjari zilizopitia Asprey zina jina la duka hilo katika mfuniko. Usilidai kama sharti, wala usiliamini bila kulilinganisha na picha za mnadani.

Mashine ya 1665 hujitia ufunguo yenyewe, ina bapa linalozunguka, na huandikwa 1570. Hupiga mapigo 19,800 kwa saa. Mashine ya 6263 ni namba 727, iliyojengwa juu ya Valjoux 72, mashine ya kiwanda kingine. Hii hutiwa ufunguo kwa mkono, haina bapa, na hupiga mapigo 21,600. Ukifungua 6263 ukakuta bapa linazunguka, funga mfuniko, kazi imekwisha.

Kwa Daytona kuna kipimo ambacho hakihitaji hata kufungua. Tazama nyuso tatu ndogo: zinapaswa kukaa upande wa saa tatu, sita na tisa, na sekunde zinazokwenda muda wote ziwe upande wa saa tisa. Feki nyingi hukosea mpangilio huo, au nyuso zao ndogo ni mapambo tu yasiyotembea.

Tahadhari: mpira wa kuzuia maji ukishasumbuliwa, saa haiingii tena majini mpaka ubadilishwe na saa ipimwe. Hata kunawa vua.

Umefaulu ikiwa modeli, namba, mfuniko na mashine vinasema mwaka mmoja takriban. Sasa una Rolex halali. Khanjari bado.

## Hatua ya 6: Sasa khanjari

Nembo ya Oman ni khanjari pamoja na mkanda wake, juu ya panga mbili zilizopishana. Kwenye saa imechapishwa katika milimita chache, ndiyo maana mchapishaji wa bandia hushindwa kwenye maelezo madogo: mkanda huwa donge moja, panga hukosa ncha, au mpini hupoteza umbo lake. Zipo pia saa zenye saini ya Qaboos kwa Kiarabu badala ya nembo. Mwewe ni wa Falme za Kiarabu. Panga mbili na mtende ni Saudia. Nimeona watu wazima wakibishana bei ya "khanjari" ambayo ilikuwa ndege.

Kagua kwa mpangilio huu:

Kingo za wino. Ulikariri sura ya maandishi ya Rolex. Khanjari si lazima iwe na wino wa namna ile ile kabisa, lakini iwe safi, imejaa, isiyo na vidoto vya mashine ya kuchapia karatasi wala mvujo kwenye kingo.

Uzee. Ikiwa uso una vinyufa vidogo vya rangi, vifuatilie hadi kwenye khanjari. Kinyufa kinachopita chini ya khanjari bila kuikata kinasema khanjari ilikuja baada ya kinyufa. Hakuna dalili nzito kuliko hii.

Kilicho chini yake. Elekeza taa ubavuni. Tafuta kivuli cha maandishi yaliyofutwa, duara lililong'aa kuliko uso uliobaki, au rangi iliyopungua kuizunguka nembo.

Mahali na ukubwa. Linganisha na picha za mnadani za modeli hiyo hiyo na miaka inayokaribiana. Khanjari iliyo halali kwenye Day-Date, modeli nyingine ya Rolex, haithibitishi mahali pake kwenye Daytona.

Mgongo wa uso. Ikiwa bei ni kubwa na mwenye saa ameridhia, fundi atoe uso. Nyuma yake, kwenye Daytona za miaka hiyo, unatarajia kukuta chapa ya Singer, mtengenezaji wa nyuso. Angalia pia viguu viwili vinavyoushika uso kwenye mashine. Viguu vilivyokatwa na kubandikwa gundi ni dalili ya uso uliohamishwa kutoka saa nyingine.

Hapo utakuwa na jibu moja kati ya matatu: imepita, imeshindwa, au haijulikani. La tatu ndilo la kawaida zaidi, na watu hawalipendi. Hesabu haijulikani kama imeshindwa mpaka mtaalamu wa nyumba ya mnada aseme vingine. Nyumba kubwa hupokea picha na kutoa makadirio bila malipo.

## Hatua ya 7: Bei na malipo

Kadiria kwanza saa hiyo hiyo, hali hiyo hiyo, ingekuwa na thamani gani bila khanjari. Hiyo ndiyo sakafu yako. Kinachozidi hapo unanunua khanjari peke yake, na unailipia kwa kadiri ilivyothibitika. Wanaokutisha kwa Daytona ya Paul Newman mwenyewe, mwigizaji wa filamu wa Marekani, iliyouzwa New York Oktoba 2017 kwa dola 17,752,500, wanataja saa ambayo historia yake ilijulikana na familia yake. Ya kwako ina karatasi gani?

Kagua namba ya mfululizo kwenye The Watch Register ya London, wanaoorodhesha saa zilizoibwa na kupotea. Lipa kupitia benki, kwa mkataba unaotaja namba ya modeli, namba ya mfululizo, namba ya mashine, na sentensi moja isemayo muuzaji anathibitisha khanjari ni ya asili, na kwamba pesa zitarudi ikithibitika vinginevyo ndani ya muda mliokubaliana. Mwenye saa ya kweli husaini, ingawa kwa kununa.

## Kama saa ni ya urithi na tayari iko nyumbani

Ruka Hatua ya 7, fanya nyingine zote, na usiipeleke kokote kufanyiwa matengenezo kabla hujaandika maagizo haya, nakala moja ibaki kwako: uso usibadilishwe, mishale isibadilishwe, kasha lisisuguliwe, na kila kipande kitakachotolewa kirudishwe. Kituo cha matengenezo hufanya kazi yake ya kuirudisha saa iwe kama mpya, na uso mpya utakaowekwa hautakuwa na khanjari. Maagizo ya mdomo kaunta husahauliwa.

Ihifadhi mahali pakavu, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, hasa Unguja, Mombasa na Muscat ambako hewa ya bahari huingia hata kabatini. Kioo cha plastiki kikishapata ufa, unyevu hufika usoni haraka. Kibadilishe, na kile cha zamani ukiweke kwenye bahasha pamoja na picha ya marehemu akiwa ameivaa.